Swali la Kumi na Tisa

Wenzangu walipewa Konde na Micheweni.
Mimi, kwa kuwa Salhina kaumwa
na gari lilikuwa limeshageuza,
nikashushwa Mtambwe, kwetu.
Kaya namba kumi na saba: mlango wa bati la kijani,
jamvi la karafuu uani,
kuku wamefukuzwa mara tatu na bado wanarudi.

Mwongozo unasema mdadisi asimjue anayemhoji.
Basi nikakaa kwenye kigoda, sikumjua.
Kifuani kitambulisho: Riziki Shaame Faki.
Mkononi kishikwambi, chaji asilimia sitini.

"Jina la mkuu wa kaya?"
Akanitazama kitambo.
"Asaa Shaame Faki," akasema, neno neno,
kama mtu aliyeitwa kituoni.
"Wangapi wamelala humu usiku wa jana?"
"Wanane. Tisa, ukimtia aliye tumboni."
Kishikwambi hakina pa kumtia aliye tumboni.

Tukaenda hivyo. Paa, bati.
Sakafu, saruji nusu, nusu Mungu akipenda.
Redio ipo, betri hakuna.
"Nyama mnakula mara ngapi kwa wiki?"
Akacheka. "Wiki ipi?"

Mkewe alikuwa akichambua makonyo, hainui macho.
Binti yao Time, wa darasa la sita,
kasimama nyuma ya bega langu
anasoma maswali kabla sijayatamka.

"Gharama za skuli kwa mwaka, kwa shilingi?"
Shilingi zilimtatiza. Kaka yangu anahesabu kwa pishi.
"Viatu vya huyu, pishi nne mbichi. Tano na soksi.
Twisheni, pishi moja kila Ijumaa.
Mchango wa madawati nililipa na makonyo juu,
na dawati hajalikalia, anakaa chini na wenziwe."
Nikazidisha, nikajumlisha, nikajaza.
Tarakimu ikatoka nzuri, haina harufu.

"Msimu wa vuno, mtoto yeyote kakosa masomo?"
Akaliangalia jamvi.
"Siku mbili. Jumanne na Jumatano.
Alkhamisi nilimtimua mwenyewe,
na mkarafuu wa bondeni ungali umejaa,
mpeta unadondoka."
Time akasema polepole: "Siku tatu, baba."
Nikaandika tatu.

Swali la kumi na nane: miaka ya skuli, mkuu wa kaya.
"Saba."
Swali la kumi na tisa: sababu ya kuacha.
Nikamsomea kama tulivyofundishwa, bila kupandisha sauti:
moja, umbali. Mbili, maradhi. Tatu, ndoa.
Nne, ada. Tano, kazi. Sita, nyengine, taja.

Mwaka ule mikarafuu haikuzaa.
Jumapili jioni mama alifua sare mbili
akapiga pasi moja.
Sikuuliza. Nilikuwa na miaka tisa, nikaivaa,
ikali na joto la mkaa mgongoni.
Asubuhi Asaa kashika ngoe na pakacha,
tukafuatana mpaka njia panda,
yeye akaingia shambani kwa watu.

"Sita," akasema.
"Taja."
"Andika Riziki."

Kidole kilisita juu ya kioo. Nikaandika.

Kule ofisini yupo kijana anayesafisha takwimu.
Atalikuta neno hili, ataona herufi kubwa imekosewa,
ataishusha, atafikiri kidogo,
kisha atalihamishia namba tano, kazi.
Siwezi kumlaumu.

Mwisho wa dodoso kuna sentensi ya kusomwa kwa kila kaya:
Tunashukuru kwa muda wako.
Je, una swali lolote kwangu?

"Ninalo," akasema, akisimama, akiondoa jani
lililoangukia karafuu.
"Ushakula?"